Kasha la nyanya uani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukoo ukikutana, mambo huenda vilevile. Biriani imeliwa, mikeka imetandikwa uani, kahawa inazunguka, mara mtu anakumbuka kasha la nyanya yetu, lile sanduku la mbao lenye nakshi na misumari ya shaba, lililosukumwa nyuma ya magodoro. Linaburutwa nje, linapanguswa vumbi kwa leso kuukuu, na kufumba na kufumbua kila mtu ni fundi. Mjomba anataka msasa. Shangazi anamtuma mtoto dukani akalete ndimu. Binamu aliyekuja likizo kutoka Maskati anasema kule wangelitia vanishi ling'ae kama kioo. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Lakini makasha niliyoyaona yameharibika kupita kiasi, Mombasa na Lamu, hayakuharibiwa na mchwa. Yalitengenezwa, alasiri moja, na watu wanaoyapenda.

Yafuatayo ndiyo maneno yanayosikika sana kwenye mikeka hiyo.

"Lilikuja na Waarabu, lina miaka mia tatu"

Huenda lilikuja na jahazi kweli, lakini mengi ya makasha tunayoyaita ya Zanzibar yaliundwa Bara Hindi, pande za Surat na Bombay, yakaletwa na pepo za kaskazi pamoja na nguo na vyombo. Mengine yalipitia bandari za Ghuba. Oman kasha la namna hii huitwa mandus, na humo bibi harusi hutiliwa nguo na dhahabu zake. Mafundi wa Lamu na Unguja nao waliyaunda, na hadi leo wanayaunda, mengine yakipakwa uzee kabla ya kutoka karakana. Yaliyomo majumbani mwetu kwa kawaida ni ya karne ya 19 au mwanzo wa karne ya 20.

Ukitaka kukisia umri, acha nakshi, tazama vyuma. Skrubu yenye ncha kali ilienea katikati ya karne ya 19. Kabla ya hapo skrubu zilikuwa butu. Msumari wa waya wa mviringo, huu tunaonunua kwa kilo, ulienea mwishoni mwa karne hiyo. Kuwa mwangalifu tu, maana bawaba inaweza kuwa ilibadilishwa na babu mwaka 1950. Hadithi ya miaka mia tatu ni ndugu wa ile ya miiba ya shaba milangoni, kwamba iliwekwa kuzuia tembo. Mtindo huo ulitoka India, na huko tembo wa vita walikuwa tishio la kweli kwa milango ya ngome. Kwetu ulikuwa pambo, na njia ya kumwambia jirani kwamba mwenye nyumba anajiweza.

"Lipige msasa mpaka utoke mti wenyewe"

Hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halirudishiki. Ile rangi ya asali iliyokolea ni ngozi nyembamba mno juu ya mbao. Imefanywa na mwanga, hewa, moshi wa udi na mikono ya watu waliolifungua na kulifunga miaka na miaka. Msasa huiondoa kwa dakika chache, na chini yake hutokea mbao iliyopauka ambayo haina tofauti na ya kitanda kilichonunuliwa juzi. Tena msasa hauchagui: unalainisha kingo za nakshi zilizochongwa kwa patasi, unapita juu ya vichwa vya misumari ya shaba na kuviacha na mikwaruzo.

Mara nyingi weusi unaokuudhi ni uchafu tu. Brashi laini kwanza, vumbi litoke kwenye mapambo. Kisha kitambaa kilichokamuliwa sana, chenye tone la sabuni isiyo kali, ujaribu mahali pasipoonekana kama upande wa nyuma, halafu ukaushe papo hapo. Ukiona kitambaa kimekuwa cha hudhurungi na mbao haijabadilika, unaondoa uchafu. Ukiona mbao inapauka, simama.

Na ikiwa kasha liliwahi kupakwa rangi ya mafuta, usilisugue uani kabisa. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na msasa mkavu huyageuza kuwa vumbi linalotua juu ya mkeka, kwenye sufuria, na kwenye vidole vya mtoto anayetambaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Siku ya sikukuu, watoto wakiwa wanakimbizana kila pembe, si siku yake.

"Mafuta ya nazi yatalilisha mti"

Mti ulishakatwa, hauli. Mafuta ya nazi hung'arisha kweli, kwa siku mbili tatu. Tatizo ni kwamba hayakauki kamwe: yanabaki juu yakinata, yanakusanya vumbi, yanaanza kuchacha, na kasha linakuwa na ile harufu ya chupa ya mafuta iliyosahauliwa dirishani. Mafuta ya alizeti na simsim yanakauka nusunusu, nayo hayafai.

Mafuta ya kitani ni habari nyingine, kwa kuwa yanapokutana na hewa hugeuka utando mgumu. Lakini mageuko hayohayo hutoa joto. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikifinyangwa na kutupwa kwenye ndoo ya taka vinaweza kuwaka moto vyenyewe, bila kiberiti wala cheche, saa kadhaa baada ya kazi kwisha na watu kulala. Vianike kimoja kimoja nje mpaka vikauke kabisa, au vitie ndani ya kopo la bati lenye maji. Seremala wengi wanalijua hili. Wajomba wengi hawalijui.

Kwa kasha lisilo na tatizo kubwa, nta ya nyuki kidogo sana iliyopakwa na kupanguswa kwa kitambaa kikavu inatosha. Vanishi ya kung'aa naiona ya nini? Inaziba kila kitu chini ya plastiki, na ikianza kubambuka miaka michache baadaye utarudi palepale kwenye msasa.

"Limwagie mafuta ya taa, bungua watakufa"

Kwanza tutofautishe. Mchwa kwa kawaida huja kutoka ardhini, hujenga vijia vya udongo, na dawa yake inaanza kwenye ukuta na sakafu. Bungua huishi ndani ya mbao yenyewe. Vile vitundu vidogo vya mviringo ni milango ya kutokea: mdudu aliyekitoboa ameshaondoka. Kwa hiyo kasha lenye vitundu mia linaweza kuwa halina mdudu hata mmoja, na lenye vitundu vitatu likawa linaliwa usiku na mchana.

Kipimo ni rahisi. Pangusa kasha, liinue juu ya matofali, tandaza karatasi nyeusi chini yake, kisha liache wiki kadhaa. Unga mpya mweupe ukianguka, wamo. Usipoanguka, weka msasa na mafuta ya taa chini, hakuna vita.

Wakiwamo, mafuta ya taa yatalowesha juu tu huku viluwiluwi wakiendelea kula ndani, ambako wanaweza kukaa mwaka au zaidi. Utabaki na mbao yenye madoa, nguo zinazonuka, na kitu kinachowaka kwa urahisi hatua chache kutoka kwenye jiko la makaa. Droo au kisanduku cha ndani kinaweza kufungwa barabara kwenye plastiki na kukaa wiki 2 kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kasha zima ni kazi ya watu wenye leseni ya kufukiza. Mara nyingi, lakini, linaloliwa si kasha lote: moyo wa mti wa msaji, yaani mtiki, una ukinzani mkubwa, na bungua hukaa kwenye mbao hafifu za chini au mgongoni, ambazo fundi anaweza kuzibadilisha pasipo kugusa uso.

Kulianika juani nako hakuwaui wote, na kunaleta balaa lake. Juu hukauka haraka kuliko ndani, na mbao hupungua upana wake huku urefu ukibaki karibu vilevile, ndipo mfuniko unapopasuka kwa sauti na watu wakageuka kutazama nani amevunja sahani.

"Shaba isuguliwe kwa ndimu na majivu"

Kwa sinia na buli, sawa. Asidi ya ndimu huyeyusha kutu, majivu husugua, kisha unaosha na kukausha. Kwenye kasha huwezi kuosha. Maji ya ndimu yanaingia chini ya kila kichwa cha msumari, na pengine mguu wa msumari ni wa chuma ingawa kichwa ni shaba. Chuma kinapata kutu, kutu inakutana na tanini, asidi ya asili iliyomo kwenye mbao, na kuzunguka kila msumari inaota pete nyeusi. Mabati ya shaba yaliyotobolewa maua ni membamba, na kila usuguaji unakula kidogo. Kitambaa kikavu kinatosha. Ukishindwa kujizuia, kata tundu kwenye karatasi ngumu, ulivishe msumari, usugue kichwa pekee.

Rangi ya doa inakusaidia pia kusoma alama za vikombe. Doa jeupe alilowacha mtu aliyeweka glasi ya sharubati yenye barafu ni unyevu ulionaswa kwenye vanishi au nta. Aghalabu hupungua lenyewe au kwa kupakwa nta upya. Doa jeusi liko ndani ya mbao, na dawa zinazoliondoa ni sumu, si za kuchezea nyumbani.

"Tia nafthalini, nguo za nyanya zitakaa salama"

Salama dhidi ya nondo, pengine. Lakini si salama kwa kila mtu. Mvuke wa nafthalini huvunja chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachozikinga chembe hizo, na upungufu huo ni wa kawaida katika sehemu zilizoishi na malaria vizazi na vizazi, pwani yetu ikiwamo. Watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi: wanavishwa nguo au kufunikwa shuka iliyotoka kasha moja kwa moja, kisha wanageuka manjano na hakuna anayefikiria vile vidonge vyeupe. Mzigo wa leso za arobaini uliokuwa na nafthalini ufuliwe na kuanikwa nje kwanza. Karafuu na asumini kavu zinatia harufu ya kupendeza na hazina lawama hiyo, ila zisichukuliwe kuwa kinga kamili. Nguo safi, kavu, zinazotolewa na kukung'utwa mara kwa mara, hazimpendezi nondo.

"Ni letu, tutalipeleka tutakako"

Binamu wa Maskati asifunge kamba bado. Kwa sheria ya Kenya, kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale na kinahitaji kibali cha kutolewa nje ya nchi, hata kiwe urithi wa damu. Palipo na pembe za ndovu, biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 1990. Na mbao nyekundu za jamii ya Dalbergia, ukoo mmoja na mpingo wetu, zimo, jamii yote, kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017. Swali la kibali huulizwa kabla ya kuandika mzigo, si bandarini.

Mkusanyiko wenyewe una kazi moja ambayo fundi hawezi kuifanya. Wazee wakiwapo, waulizwe: lilifika nyumba hii kwa harusi ya nani, ufunguo ulipotelea wapi, kile kisanduku cha ndani chenye mfuniko mdogo kilikuwa cha nini, na je, kuna sehemu ya siri chini yake, maana makasha kadhaa yanayo. Mtu mmoja aandike, mwingine apige picha kila upande, pamoja na mgongo na chini. Bawaba au kipande cha shaba kilichong'oka kitiwe kwenye bahasha na kuandikwa kilipotoka. Picha hizo ndizo atakazoonyeshwa seremala, akiambiwa mapema kwamba hakuna msasa, kwamba kipande cha zamani kikitolewa kinarudishwa kwa mwenyewe, na kwamba atalipwa bei ileile hata akirekebisha droo moja tu.