Kasi ya chini si lazima iwe bora kwa DVD tupu

Imani kwamba DVD ikichomwa polepole kabisa ndiyo hutoka safi imedumu, lakini si sahihi. Rangi inayohifadhi data kwenye diski ya 16x (yaani inayoandikwa hadi mara 16 ya kasi ya msingi) imeundwa kwa leza yenye nguvu na mwendo wa kasi; ukiichoma kwa 2x au 4x, makosa ya usomaji yanaweza kuongezeka. Anza na 8x.

Jambo kubwa zaidi ni draivu kuijua diski. Kila DVD tupu hubeba msimbo wa mtengenezaji, na programu ya ndani ya draivu huutumia kuchagua nguvu ya leza. Draivu ya zamani isipoutambua, hubahatisha au huikataa diski. Sasisha programu hiyo kwanza. Kagua pia alama: draivu ya DVD-R pekee haichomi DVD+R.