Jotoardhi ya nyumbani maana yake nini?

Mkenya akisikia neno jotoardhi, akili humpeleka Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mvuke kutoka chini sana ardhini umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu 1981. Jotoardhi ya kupasha na kupoza nyumba ni kitu kingine. Haihitaji volkano wala mvuke. Inategemea udongo wa kawaida ulio chini ya ua wa nyumba.

Aliyewahi kuteka maji ya kisima kirefu alfajiri ya Julai huko Njombe ameligusa jambo lenyewe. Vidole vimekufa ganzi, lakini maji yanayopanda ni vuguvugu. Mchana wa jua kali, kisima kile kile kinatoa maji ya kuburudisha. Kilichobadilika ni hewa, si maji. Mita kadhaa chini, udongo hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima. Minneapolis, Marekani, usiku wa Januari hewa inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, ilhali huko chini pamebaki nyuzi 8 au 9 juu ya sifuri.

Lakini nyuzi 9 si ni baridi? Hapo ndipo wengi hukwama, na jibu liko jikoni. Weka kiganja nyuma ya friji: pana moto. Joto hilo limetolewa kwenye chakula kilichomo ndani, ambacho tayari ni cha baridi. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto.

Pampu ya joto hufanya vivyo hivyo kwa nyumba nzima. Mabomba ya plastiki hufukiwa kwenye mitaro, au hushushwa kwenye visima vinavyoweza kupita mita 100. Maji yenye dawa ya kuzuia kuganda huzunguka humo yakikusanya joto. Ndani ya nyumba, gesi iliyo baridi kuliko maji hayo hulipokea, kompresa inaibana, nayo inapata moto wa kutosha kupasha sakafu. Kiangazi, vali hugeuza mwendo, na joto la vyumbani hurudishwa ardhini.

Umeme bado unalipiwa, ila uniti 1 huweza kuleta uniti 3 au 4 za joto. Gharama inayouma ni ya kuchimba.

Ndiyo maana Dar es Salaam mfumo huu hauna mvuto: wastani wa mwaka ni kama nyuzi 26, na udongo nao una joto hilo hilo, hivyo faida haifidii gharama ya kuchimba.