Badlands: tazama chini kwanza, wanyama baadaye

Wageni wengi wa Hifadhi ya Taifa ya Badlands, kule South Dakota nchini Marekani, huipita kwa gari. Hushuka kidogo, hupiga picha za vilima vyenye mistari myekundu, kisha hao, Mount Rushmore, mlima uliochongwa sura za marais. Mimi kazi yangu ni kutembeza watu kwa miguu, na jambo la kwanza ninalowaambia ni: tazameni chini. Udongo ndio unaoamua utakanyaga wapi na utamwona mnyama gani.

Vilima vile havina ugumu wa jiwe. Ni tope la bahari ya kale, mchanga wa mito na majivu ya volkano, vilivyotuama tabaka juu ya tabaka tangu miaka milioni 75 hadi milioni 28 hivi iliyopita. Mito ilianza kuyakata miaka kama 500,000 iliyopita, na mmomonyoko bado unakula wastani wa sentimita 2.5 kila mwaka. Ndiyo maana visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, hujitokeza vyenyewe. Mwaka 2010 mtoto wa kike wa miaka 7 aliona mfupa karibu na kituo cha wageni cha Ben Reifel, akatoa taarifa. Kumbe ni fuvu la mnyama wa kale aliyefanana na paka, mwenye meno marefu kama majambia. Ukiona mfupa, usiuguse. Piga picha, shika alama za mahali, waambie askari wa hifadhi.

Kwa mguu wako, udongo huo huo ni mtihani. Ukikauka humung'unyoka, ukilowa huteleza na kuganda kwenye soli mpaka kiatu kinakuwa kizito. Njia ya Notch ina ngazi ya magogo inayopanda ukingo. Mvua ikiwa imenyesha, iache. Maji ya vijito yana tope laini mno, huziba chujio, kwa hiyo beba ya kwako: lita 4 kwa mtu kwa siku. Hifadhi hii inaruhusu kutembea hata nje ya njia zilizochorwa, ruhusa ambayo ni adimu.

Sasa wanyama. Nenda magharibi, barabara ya vumbi ya Sage Creek, mpaka mahali paitwapo Roberts. Hapo wanaishi prairie dog, jamaa wa kindi wachimbao mashimo. Keti. Mlinzi husimama wima juu ya kichuguu cha shimo lake akibweka. Hatari ikipita, mmoja hurusha mikono juu, kichwa nyuma, na kupiga ukelele, na wa jirani huitikia mmoja baada ya mwingine. Wao hukata nyasi zikawa fupi, na machipukizi yake huwavuta baisani, nyati wa Marekani. Bundi wa mashimoni hutaga katika mashimo waliyoyaacha. Nyoka mwenye njuga mkiani naye hujificha humo, basi usitie mkono.

Anayewategemea prairie dog kuliko wote ni kicheche mwenye miguu myeusi, ambaye karibu chakula chake chote ni hao. Kufikia 1987 vicheche hawa walikuwa wamebaki 18 tu, wote wakashikwa ili wazalishwe. Badlands ilianza kuwarudisha mwaka 1994. Nje ya mipaka, wafugaji wengi bado huwaona prairie dog kuwa waharibifu wa malisho na huwawekea sumu. Mimi nasema kuwaua hao ni kumuua kicheche. Tauni inayoenezwa na viroboto nayo ilifika bonde la jirani la Conata mwaka 2008, ndiyo sababu wahifadhi hunyunyiza dawa ya viroboto mashimoni. Kicheche hutoka usiku. Anayebahatika huona kwanza macho yake yaking'aa kijani kwenye mwanga wa taa.

Baisani, walioletwa tena mwaka 1963, wape mita 100. Dume akiinua mkia, amekwisha kasirika: rudi ulikotoka, bila kukimbia, na usikatize kati yake na kundi.