Ulinzi wa Mashahidi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuomba

Kila kesi kubwa ya mauaji au ufisadi inapoanza kusikilizwa, maombi ya ulinzi huja pamoja na malalamiko ya wanaoona wamenyimwa haki. Mengi yanatokana na dhana kwamba ulinzi ni malipo ya kutoa ushahidi. Si malipo. Hakuna nyumba ya zawadi wala safari ya ng'ambo kwa aliyekubali kupanda kizimbani, na aliyeshiriki uhalifu hasamehewi mashtaka kwa kuwa analindwa.

Sheria ya Kulinda Mashahidi ya Kenya ni ya mwaka 2006. Ilianza kutumika 2008, na marekebisho ya 2010 yakaunda Wakala wa Kulinda Mashahidi. Anayelindwa ni shahidi muhimu aliye hatarini kwa sababu ya ushahidi wake. Jamaa zake huingizwa ikiwa hatari hiyo inawafikia. Jirani akitishia kukuua kwa ajili ya mpaka wa shamba, nenda kituo cha polisi.

Ombi huletwa na shahidi mwenyewe, wakili wake, afisa mpelelezi au kiongozi wa mashtaka. Huduma hailipiwi, anayekuitisha pesa ili ombi lako lipite ni tapeli. Beba nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) uliyopewa uliporipoti vitisho, na simu yenyewe iliyopokea jumbe. Tafadhali usifute ujumbe kwa hofu, wala usivunje laini. Nambari ya mtumaji, tarehe na saa ndivyo vinavyomwezesha mpelelezi kumfuata aliyekutisha.

Kisha hupimwa uzito wa kosa, umuhimu wa ushahidi, ukubwa wa hatari, rekodi ya uhalifu ya mwombaji, hali yake ya kisaikolojia, na kama kuna njia nyingine ya kumlinda. Hatari ikiwa ya haraka, ulinzi wa muda unaweza kutolewa tathmini ikiendelea.

Wengi hukwama pale wanapotakiwa kutaja madeni, kesi na amri za mahakama kuhusu watoto. Huoni uhusiano? Upo. Deni la Sacco halifutiki kwa kuhama. Mdai atawasumbua wadhamini wako, na kelele zake zitamfikia anayekuwinda. Ukimhamisha mtoto ilhali mzazi mwenzako ana haki ya kumwona, atakwenda mahakamani, na karatasi za kesi hiyo zitauliza mtoto yuko wapi. Mambo haya hupangiwa utaratibu yakijulikana mapema. Ukiyaficha, unaweza kuondolewa kwenye mpango.

Hakuna anayeingizwa kwa nguvu. Shahidi hutia saini mkataba wa maelewano, na kwa aliye chini ya miaka 18 hutia saini mzazi au mlezi. Kubadilishiwa jina na vitambulisho, jambo ambalo kila mtu huuliza kwanza, ni hatua nzito inayohitaji amri ya Mahakama Kuu. Zipo hatua nyepesi zaidi: kusindikizwa na walinzi, kuhamishwa, kusikilizwa faraghani, kutumia jina bandia, kutoa ushahidi kwa video, au kubadilishwa sauti na kufichwa uso. Hata hivyo, Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kujua mapema ushahidi dhidi yake na kuupinga. Kwa hiyo kinachofichwa ni utambulisho wako. Maneno yako atayasikia.

Ulinzi huvunjwa na mambo madogo. Ukimtumia mama pesa kwa M-Pesa, ujumbe wa uthibitisho utabeba jina lako. Picha ya mtoto akiwa na sare ya shule mpya, ikiwekwa kwenye status ya WhatsApp kwa saa moja tu, inatosha kutaja mji. Tunalisema hili kila mara, na bado hutokea.

Kumzuia au kumshawishi shahidi asifike mahakamani ni kosa chini ya kifungu cha 117 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake hadi miaka 5. Kufichua anayelindwa ni kosa pia, awe aliyefichua ni mwanahabari au shemeji. Aliyekataliwa au kuondolewa asilalamike redioni, kwani atakuwa amejitangaza mwenyewe kwa wanaomtafuta. Lipo Baraza la Rufaa, linaloongozwa na jaji wa Mahakama Kuu. Na anayetaka kutoka kwa hiari aandike barua, asitoroke usiku, kwa kuwa walinzi watakaokwenda kumtafuta wanaweza kuwaonyesha wengine alikokuwa amefichwa.