Kwa nini Evanston ilikaa zaidi ya karne moja bila baa?

Ukipanda treni katikati ya Chicago na kuelekea kaskazini sambamba na Ziwa Michigan, mji wa kwanza utakaoukuta baada ya kuvuka mpaka wa jiji ni Evanston, wenye wakazi wapatao 78,000. Je, wajua kwamba kuanzia 1855 hadi 1972 mji huu haukuruhusu pombe iuzwe? Marufuku ya Marekani nzima ilidumu miaka 13 tu, 1920 hadi 1933. Ya Evanston ilidumu 117.

Wengi hujibu kwa neno moja: dini. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Miji mingi ya wacha Mungu ilipiga pombe marufuku kisha ikalegeza kamba baada ya miaka michache. Evanston ilikuwa na kitu kigumu zaidi kukifuta, nacho ni sheria iliyofungwa ndani ya hati ya chuo kikuu.

Mwaka 1851 Wamethodisti wa Chicago, akiwemo daktari John Evans, walipata hati ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Northwestern. Miaka miwili baadaye wakanunua shamba la ekari 379 kando ya ziwa, katika eneo ambalo Wapotawatomi, wenyeji wa asili wa hapo, walikuwa wameondolewa kwa mikataba, wa mwisho ukiwa wa 1833. Wakapima viwanja kuzunguka chuo, na mji uliozaliwa hapo ukapewa jina la Evans. Kwa hiyo hapa chuo ndicho kilichouzaa mji.

Februari 1855 bunge la jimbo la Illinois likairekebisha hati ile. Kifungu kimoja kilikataza kuuza kileo ndani ya maili 4, yaani kilomita 6 na kitu, kutoka chuoni, isipokuwa kwa dawa, kazi za ufundi au ibada. Kifungu kingine kiliisamehe mali yote ya chuo kodi, milele. Shika hivyo viwili pamoja, maana vilikuja kugongana.

Sheria peke yake hailindi kitu kwa miaka 117. Iliyoilinda hii ni jamii yenyewe, hasa wanawake wake. Aliyejulikana zaidi ni Frances Willard, mwalimu wa Evanston aliyechaguliwa mwaka 1879 kuuongoza Umoja wa Wanawake Wakristo wa Kupinga Ulevi, WCTU, na kuuongoza hadi kifo chake mwaka 1898. Ni rahisi leo kuwaona wanawake wale kama watu waliochukia starehe za wenzao. Naona hilo ni kuwaonea. Mke wa karne ya 19 hakuwa na kura, na mara nyingi mshahara wa mumewe ndio uliolisha nyumba nzima. Ukiishia baa, mama na watoto hawakuwa na pa kukimbilia. Kwa Willard, vita dhidi ya pombe na madai ya kura kwa wanawake vilikuwa jambo moja, na umoja wake ulidai pia saa 8 za kazi kwa siku. Baada ya kufa kwake, makao makuu ya WCTU yakahamia Evanston, na nyumba yake sasa ni makumbusho.

Waliotaka kunywa hawakwenda mbali. Mtaa wa Howard ndio mpaka, na upande wa pili, ardhi ya Chicago, baa zilifunguliwa.

Sasa vile vifungu viwili. Northwestern kilikua, na kadiri kilivyokua ndivyo ardhi isiyotozwa kodi ilivyoongezeka katikati ya mji na jiji likakosa mapato, huku hoteli na mikahawa ikiona wateja wakienda kula na kunywa kwa majirani. Mwaka 1972 halmashauri ya jiji ikaruhusu hoteli na mikahawa kuuza pombe. Maduka ya vileo yalisubiri zaidi, na kiwanda cha kwanza cha pombe kali kilifunguliwa mwaka 2011. Msamaha wa kodi haukuguswa. Wakazi wanauzozania hadi leo.

Kinachonivutia zaidi kimetokea karibuni. Kwa miongo mingi wakazi weusi wa Evanston walisukumwa kwenye eneo moja la magharibi, wakanyimwa mikopo ya nyumba na kuzuiwa kununua kwingine. Novemba 2019, chini ya msukumo wa diwani Robin Rue Simmons, halmashauri ilikubali kutenga dola milioni 10 za fidia, zitokane na kodi ya bangi iliyokuwa karibu kuhalalishwa Illinois. Mji uliokataa kodi ya pombe kwa zaidi ya karne ukachagua kodi ya bangi kulipia dhuluma yake. Kila anayestahili hupata dola 25,000, wakitangulia waliokuwa watu wazima mjini humo kati ya 1919 na 1969. Januari 2022 watu 16 wa kwanza walipatikana kwa bahati nasibu. Fedha hizo mwanzoni zilikuwa za kununua nyumba, kuikarabati au kulipia mkopo wake tu, jambo ambalo baadhi ya wazee walilipinga kwa kuwa hawakuwa na nyumba wala hawakutaka kukopa. Mwaka 2023 halmashauri ikaruhusu walipwe taslimu.