Kabla Hujamlipa Wakili wa Kesi Dar es Salaam

Januari ikikaribia kuisha, Mahakama na wadau wake hufungua mabanda ya elimu ya Wiki ya Sheria, na wakazi wa Dar es Salaam wakifika bandani swali lao kubwa huwa: "Nimpate wapi wakili mzuri wa kesi?" Ni swali la msingi. Lakini kwa tunavyoona kwenye dawati la malalamiko kuhusu mawakili ninalolihudumia, wengi wangeokoka kama wangeanza na jingine: huyu niliyeletewa ni wakili kweli, na mwaka huu anaruhusiwa kusimama mahakamani?

Ninayoyaeleza hapa ni elimu ya jumla kwa Tanzania Bara. Hayahusu shauri lolote lililo mbele ya mahakama au Kamati ya Mawakili, na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili aliyesoma nyaraka zako. Zanzibar ina utaratibu wake.

Mlalamikaji wa kawaida huja na bahasha ya kaki. Ndani mna kopi ya mkataba wa mauziano ya kiwanja uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, meseji za miamala ya simu, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari imeandikwa "nimepokea laki nane za kesi", chini yake saini isiyosomeka. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lilishatoa uamuzi dhidi yake, na aliyepokea fedha alimhakikishia kuwa rufaa "imeshaingia". Tukimwomba namba ya shauri, hana. Tukilitafuta jina la huyo "wakili", halipo. Siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu zimeshapita, na sasa mwananchi huyu anatakiwa kwanza apeleke maombi ya kuongezewa muda, yakiambatana na kiapo kinachotoa sababu ya kila siku aliyochelewa, ndipo aruhusiwe kuzungumzia kiwanja chake. Laki nane haijulikani ilipo.

Hawa ndio mawakili vishoka. Wapo kwenye steshenari zilizo jirani na mahakama, wapo kwenye vibaraza, na siku hizi wapo kwenye makundi ya simu. Baadhi yao waliwahi kuwa makarani kwenye ofisi za mawakili, kwa hiyo lugha ya mahakama wanaijua vizuri. Wengine wana shahada ya sheria kabisa, na hapo ndipo wananchi wengi wanapoteleza. Shahada peke yake haimpi mtu haki ya kumwakilisha mwingine mahakamani. Kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo, kuna kupokelewa na kuapishwa na Jaji Mkuu, kuna kuingizwa kwenye orodha ya mawakili inayotunzwa na Mahakama, na baada ya hayo yote kuna cheti cha kufanyia kazi kinacholipiwa kila mwaka.

Cheti hicho hufikia kikomo Desemba 31. Wakili anayehuisha ndani ya Januari, cheti chake huhesabiwa kuanza Januari 1. Akichelewa kupita hapo, siku za katikati zinabaki wazi, na kwa siku hizo sheria inamtambua kama mtu asiye na sifa, hata kama ana miaka 20 kazini na jina lake linatajwa redioni. Mahakama ya Rufani ilishalisema hili bila kumung'unya maneno: wakili anayefanya kazi bila cheti hai anavunja sheria, na alichokifanya katika kipindi hicho hakina uhai wa kisheria. Maana yake kwako mteja ni kwamba mpinzani wako anaweza kusimama na kuomba hati yako ya madai iondolewe mahakamani, si kwa sababu huna haki, bali kwa sababu aliyeiandaa na kuisaini hakuruhusiwa siku ile. Ukitakiwa kuanza upya, muda wa ukomo, yaani muda uliowekwa na sheria wa kufungua shauri, unaendelea kuhesabika.

Kuhakiki hakuhitaji kumjua mtu. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili kwenye intaneti. Unaandika jina la wakili, au namba yake ya usajili ambayo hana sababu ya kukuficha, na mfumo unakuonesha kama yupo kwenye orodha na kama kwa sasa anaruhusiwa kufanya kazi. Fanya hivyo siku ya kwanza, kabla ya fedha kutoka. Kama kesi imevuka mwaka, hakiki tena baada ya Januari. Andika majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, kwa sababu vishoka hupenda kujiita jina moja linalofanana na la wakili halisi. Simu yako ikisumbua, nenda ofisi ya Msajili ya Mahakama Kuu au Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS) ukaulize. Hakuna atakayekucheka.

Tazama pia mwisho wa nyaraka yenyewe. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inataka nyaraka ya kisheria ioneshe imeandaliwa na nani na anwani yake ni ipi. Ukikabidhiwa hati ya madai iliyojaa vifungu vya sheria kurasa nzima, halafu sehemu ya "imeandaliwa na" imeandikwa jina lako wewe mteja, jiulize aliyekuandikia anajificha nini. Mtu asiye wakili akijifanya wakili, au akiandaa nyaraka za aina hiyo kwa malipo, anatenda kosa la jinai. Hilo linaripotiwa polisi. Linahitaji jina, namba ya simu iliyopokea fedha na nakala ya alichokuandikia. Tunaletewa hadithi ndefu sana zisizo na hata kimoja kati ya hivyo.

Na muhuri si uthibitisho. Tumelirudia hili kwenye semina na redioni, na bado kila wiki mtu anatuambia "lakini alikuwa na muhuri". Muhuri unachongwa mjini kwa saa moja.

Sasa, si kila shauri linahitaji wakili. Mirathi ya kawaida inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo na familia yenyewe, na kwa wakazi wa Dar es Salaam mashauri ya mirathi na ndoa yana Kituo Jumuishi cha Temeke, ambako Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu zimo kwenye jengo moja. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kwenye Mahakama za Mwanzo. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliwafungulia mlango pale tu mahakama hiyo inapoongozwa na hakimu mkazi. Mgogoro wa ardhi nao hupitia kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu na si kuamua, na huko wakili haendi. Aliyeachishwa kazi huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako anaweza kusimamiwa na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, ila ajue ana siku 30 tu tangu kuachishwa. Watu wanakaa miezi mitatu wakichangishana fedha za wakili, kisha wanafika na mlango umefungwa.

Asiye na uwezo asikimbilie kishoka kwa kuwa ni nafuu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia inapita mikoani, na hapa jijini kuna taasisi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC). Msaidizi wa kisheria, ambaye si wakili, atakuelekeza na kukusaidia kusuluhisha, lakini hawezi kukuwakilisha mahakamani. Akikuahidi hivyo, amevuka mipaka yake.

Shauri likihitaji wakili, tafuta anayefanya kazi ya mahakamani. Wapo mawakili hodari wa kusajili kampuni na kuandaa mikataba ambao hawajaingia chumba cha mahakama kwa miaka, na hawana kosa lolote. Muulize waziwazi mashauri ya aina yako huyapeleka wapi: Divisheni ya Ardhi au ya Biashara ya Mahakama Kuu, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, au Baraza la Ardhi na Nyumba, ambalo kwa shauri la kurejeshewa ardhi au nyumba lina ukomo wa thamani wa shilingi milioni 300. Wakili wa mashauri atakujibu, kisha na yeye atakugeuzia maswali. Atataka tarehe. Deni la mkataba lina ukomo wa miaka 6, madhara yasiyotokana na mkataba miaka 3, ardhi miaka 12. Unayemdai ni Serikali au halmashauri, kuna notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Anayekusikiliza dakika tano, hakuulizi tarehe hata moja, na anakwambia "hii kesi tumeshashinda", mshukuru na uondoke. Wakili hahakikishi ushindi. Maadili ya kazi yake hayampi ruhusa hiyo, na hukumu haiandikwi na yeye.

Mueleze pia majina ya wapinzani wako wote kabla ya kuingia ndani ya habari, ili aangalie kama ana mgongano wa maslahi. Hapa Dar es Salaam ni jambo la kila siku mnunuzi na muuzaji wa kiwanja kuandikiwa mkataba na wakili mmoja. Mkataba huohuo ukizaa kesi, wakili yule pengine ataitwa kama shahidi. Tafuta mwingine, hata kama yule wa kwanza ni mtu wa nyumbani.

Kuhusu malipo, upo mwongozo: Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015, Tangazo la Serikali Na. 264. Inaweka viwango, na inaruhusu wakili na mteja kukubaliana kwa maandishi. Nasisitiza maandishi. Makubaliano yaseme ada inahusu hatua ipi, kwa sababu kuendesha shauri, kukata rufaa na kukazia hukumu ni kazi tatu tofauti. Yaseme italipwa kwa awamu zipi, na usafiri wa wakili utalipwa na nani. Maneno ya "tutagawana tukishinda" yaliyosemwa kwenye simu ndiyo yanayotujazia majalada. Ada za mahakama ni jambo jingine kabisa. Hizo hulipwa Serikalini kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na mfumo, na risiti yake ni haki yako kuiona. Ada ya wakili nayo ina risiti ya EFD, na kama amesajiliwa kwenye VAT utakuta kodi hiyo juu yake. Ukishinda na mahakama ikakupa gharama za kesi, hazimiminiki zenyewe. Maombi ya kukokotolewa gharama hupelekwa kwa Msajili anayezipitia ndani ya siku 60 tangu amri itolewe. Asiyeridhika na uamuzi huo ana siku 21 za kwenda kwa Jaji.

Ipo ada moja isiyo kwenye mwongozo wowote, ile ya "kumuona mheshimiwa". Anayekuomba fedha hiyo, awe wakili, karani au dalali, anakuingiza kwenye jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa inamtazama anayetoa sawa na anayepokea: faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi 1,000,000, au kifungo kisichopungua miaka 3 na kisichozidi 5, au vyote viwili. Wapo wanaotuletea malalamiko kwamba walitoa fedha ya hakimu na bado wakashindwa, kana kwamba wamedhulumiwa. Ofisi haiwezi kukusaidia kurudishiwa rushwa. Piga 113, TAKUKURU, kabla hujatoa.

Ukishaweka wakili, kesi bado ni yako. Mahakama ya Rufani imesema mara kadhaa kwamba mdaawa aliyeweka wakili ana wajibu wa kufuatilia mwenendo wa shauri lake, na kwamba uzembe wa wakili kwa kawaida si sababu tosha ya kuongezewa muda. Kwa hiyo chukua namba ya shauri siku linaposajiliwa. Uliza limepangwa kwa jaji au hakimu gani. Kila linapoahirishwa, andika tarehe na sababu: limetajwa tu, au mashahidi walikuwepo? Mdai asipofika siku ya kusikilizwa shauri linaweza kufutwa, na mdaiwa asipofika linaweza kusikilizwa upande mmoja. Dai nakala ya kila kilichowasilishwa kwa jina lako. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, na pale nyaraka ilipoandikwa kwa Kiingereza mwambie wakili akusomee na kukueleza kabla hujasaini kiapo. Kiapo ni chako, na uongo uliomo ndani yake utaulizwa wewe.

Wakili akikukosea, yaani amekula fedha yako, hatokei mahakamani, au amekaa na malipo aliyoyapokea kwa niaba yako, malalamiko yapo kwa TLS na kwa Kamati ya Mawakili, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji wa Mahakama Kuu. Kamati ina uwezo wa kumwonya wakili, kumsimamisha au kuamuru jina lake lifutwe kwenye orodha. Haifufui shauri lako lililofutwa wala haibadilishi hukumu. Hayo ni ya mahakama, na muda wake unaenda ukiwa unatusubiri sisi, basi yaendeshe sambamba. Na kushindwa kesi peke yake si kosa la wakili. Zaidi ya hapo sitasema, maana kila lalamiko hupimwa kwa ushahidi wake.

Lalamiko liandikwe kwa tarehe, tangu siku ya kwanza ulipomuona wakili hadi mawasiliano ya mwisho. Ambatanisha makubaliano ya ada, risiti, na nakala za nyaraka za mahakama zenye namba ya shauri. Miamala ya simu iombe kwenye mtandao wako kama taarifa iliyochapishwa. Picha ya kioo cha simu iliyopigwa na simu nyingine tunaipokea, lakini mara nyingi haisomeki.