Pikseli Haikuwa Mraba

Jumamosi iliyopita, katika darasa dogo la uchoraji wa gemu ninaloliendesha, kijana mmoja mwenye mkono mzuri alimweka Mario wa mwaka 1985 kwenye skrini ya kompyuta yake, akamkuza mpaka kila pikseli, yaani kila kitone kinachounda picha, ikawa kubwa kama kipande cha sabuni, kisha akawaambia wenzake: “Oneni, enzi hizo watu walikuwa hawajui kuchora.” Wenzake walicheka wakaendelea na kazi. Mimi sikucheka. Maneno hayo nimeyasikia kwa wateja wanaotaka kulipa nusu ya bei kwa sababu “ni vijisanduku tu”, kwa wazazi wanaoamini kwamba miaka yetu ya mbele ya runinga ilituharibu macho na akili, na hata kwa mwalimu wa sanaa. Safari hii nimeona niandike, maana kusema nimechoka.

Picha ile aliyoikuza kijana haikuwahi kuonekana sebuleni kwa mtu yeyote mwaka 1985. Mchoro ule haukutengenezwa kwa ajili ya skrini bapa yenye vitone vilivyokatwa kama kwa wembe. Ulitengenezwa kwa ajili ya runinga ya kichogo, na runinga ya kichogo haina pikseli kwa maana tuliyoizoea leo. Ina mwale wa elektroni unaofagia kioo mstari kwa mstari, na nguvu ya mwale huo hupanda na kushuka unapokwenda. Rangi mbili zinapokutana kwenye mstari mmoja, mwale hauruki kutoka ya kwanza kwenda ya pili papo hapo. Huteleza, na katika kuteleza huko huzaliwa rangi ya tatu ambayo mchoraji hakuiweka kwenye paleti. Sehemu nyeupe huvimba na kumla jirani yake mweusi, kwa hiyo pikseli moja nyeupe ndani ya jicho huonekana kubwa na yenye unyevu, ilhali pikseli moja nyeusi katikati ya weupe hunyauka. Waya wa njano ulioiunganisha mashine ya gemu na runinga, uliosafirisha mwanga na rangi katika njia moja, uliongeza ukungu wake juu ya hayo.

Wachoraji waliofanya kazi mbele ya runinga hizo walizijua tabia zake kama mpishi anavyolijua jiko lake. Maporomoko ya maji katika gemu ya Sonic ya mwaka 1991 yalichorwa kwa mistari ya wima iliyoachiana nafasi. Kwenye waya wa njano mistari hiyo iliyeyuka ikachanganyika na mandhari ya nyuma yake, na maji yakapenyeza mwanga, ingawa mashine ya Mega Drive yenyewe haikuwa na uwezo wa kuchanganya rangi kwa namna hiyo. Mtu akiyatazama maji hayo leo kwenye skrini ya simu anaona pazia la mistari na kudhani mchoraji alishindwa kazi, kumbe aliyeshindwa ni aliyemletea picha bila runinga yake.

Tuje kwenye jambo linaloniondolea subira kuliko yote. Mashine ya Nintendo, ile ya Mario huyo, pamoja na zile za kuigiza zilizotufikia huku, ilitoa picha yenye pikseli 256 kwa upana na mistari 240 kwa urefu. Ukizipanga pikseli hizo kama miraba, unapata picha inayokaribia kuwa mraba. Runinga ilikuwa na umbo la nne kwa tatu. Kwa hiyo kila pikseli ilivutwa pembeni ikawa pana kuliko urefu wake: katika mfumo wa runinga wa Marekani na Japani uwiano ulikuwa nane kwa saba, na katika mfumo wa PAL, ambao ndio tuliokuwa nao sisi, upana ulizidi hapo. Maana yake ni kwamba duara la pikseli nane kwa nane lilionekana kama yai lililolala, na aliyetaka mpira wa kweli ilimlazimu achore yai lililosimama. Wapo waliofanya hivyo kwa makusudi na wapo ambao hawakujali, na nikiwa mkweli, mara nyingi mchoro wenyewe hausemi ni lipi kati ya hayo mawili. Lakini programu za kuigiza mashine za zamani, zikiachwa bila kurekebishwa, huwaonyesha wahusika wote wembamba kuliko walivyokuwa, na vijana wangu hunakili wembamba huo wakiamini kwamba wananakili mtindo wa zamani. Pikseli haikuwa mraba. Nimeandika sentensi hiyo ukutani darasani, na bado Jumamosi huletewa mipira iliyopigwa pasi.

Kuhusu mipaka ya mashine yenyewe nitapita haraka, kwa sababu inajulikana: spraiti, yaani vipande vya picha vinavyosogea, 64 kwenye skrini nzima na 8 tu kwenye mstari mmoja, rangi tatu kwa kila paleti ya spraiti pamoja na uwazi, vigae vya picha vya pikseli nane kwa nane. Gemu nzima ya Super Mario Bros. iliingia kwenye kilobaiti 40, ambazo hazitoshi picha moja ya simu yako. Mawingu na vichaka vyake ni mchoro uleule uliobadilishwa rangi. Shigeru Miyamoto, mbunifu wa gemu hiyo, ambaye alisomea usanifu wa bidhaa wala si kompyuta, ameeleza jinsi Mario alivyozaliwa katika Donkey Kong ya mwaka 1981: kofia ilikuja kwa sababu nywele zilikuwa ngumu kuchora, masharubu yakaitenga pua na uso bila kuhitaji mdomo, na ovaroli ikaifanya mikono ionekane inaposogea. Asiyejua kuchora hafanyi maamuzi matatu ya namna hiyo katika eneo dogo kuliko kucha.

Ninayasema haya nikiwa mtu aliyelelewa na michoro hiyo. Nilikulia Tanga, katika nchi iliyopiga marufuku uingizaji wa runinga na kompyuta mwaka 1974, marufuku ambayo haikuondoka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyo ya 1970. Sisi wa bara tulisubiri mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza viliporusha matangazo. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za mtaa wetu runinga na kompyuta viliingia karibu pamoja, na kompyuta hiyo ya kwanza haikuwa na jina la kompyuta. Ilikuwa mashine ya gemu ya kuigiza, ambayo mjomba aliileta kutoka Mombasa ikiwa na pedi mbili na kaseti ya njano iliyojigamba kuwa na gemu 9999. Tulizihesabu. Hazikufika ishirini, zilizobaki zilikuwa zilezile zikianzia hatua tofauti.

Barazani, hatua chache kutoka kwenye runinga hiyo, bibi alikuwa akisuka ukili. Alichana ukindu, akauchemsha kwenye rangi, akaanika, kisha akakaa na chane zake za nyekundu, zambarau na zile zilizoachwa na weupe wake wa asili, akapanda na kushuka bila kutazama vidole. Nilipopewa ukili mwembamba nijaribu, nilikosea chane moja, na kosa halikuonekana mpaka ulipopita urefu wa shibiri nzima, ambapo mraba mmoja mwekundu ulisimama mahali pasipo pake. Bibi hakukemea. Alifumua mpaka pale na kusema: “Hesabu, mume wangu. Hesabu tena.” Baadaye, kili ziliposhonwa ubavu kwa ubavu kuwa mkeka, niliona kwa nini kuhesabu kulikuwa na maana, kwa kuwa nakshi ya ukili mmoja ilipaswa kuikuta nakshi ya mwenzake.

Nilianza kunakili wahusika wa gemu kwenye daftari la hesabu kwa kalamu za rangi. Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha gemu, nikaweka pua karibu na kioo, nikahesabu miraba kama chane. Daftari moja ninalo mpaka leo. Miaka mingi baadaye nilipoweza kuzifungua spraiti zenyewe kwenye kompyuta, nilililinganisha daftari na asili yake, nikakuta kwamba mtoto wa miaka tisa alikuwa amempaka Mario rangi ya nne, kahawia hafifu kati ya ngozi ya shavu na masharubu. Rangi hiyo haimo kwenye paleti. Ilitengenezwa na runinga, na mimi niliichora kwa sababu niliiona. Kijana wa Jumamosi nilimwonyesha daftari hilo kabla sijamwambia neno lolote.

Wapo wanaodhani kwamba kuufananisha mkeka na pikseli ni mapambo ya maneno. Susan Kare, aliyechora ikoni za Macintosh iliyotoka Januari 1984, alianzia kwenye daftari la miraba, miraba 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe peke yake, na ameifananisha kazi hiyo na udarizi na nakshi za vigae vidogo. Alikuwa msomi wa sanaa kabla hajagusa kompyuta. Ndiye pia aliyechora karata za Solitaire za Windows 3.0 mwaka 1990, zile tulizozikuta kwenye kompyuta za ofisini ambako watu wazima walizicheza huku sisi tukikatazwa gemu zetu.

Wiki hizi ninamchora mwanamke anayetembea sokoni, urefu pikseli 24, upana 16, rangi tatu na uwazi, kwa kuwa mteja anataka gemu iheshimu sheria za zamani. Amejitanda kanga begani. Kanga ina pindo, mji na jina. Jina haliwezekani, kwa sababu herufi ndogo inayosomeka vizuri huhitaji pikseli tatu kwa tano, na kanga yote begani ina upana wa pikseli saba. Mji nao umekataa: kila nilipoweka korosho katikati, mwanamke akipiga hatua korosho ilichezacheza kama mdudu aliyenaswa kwenye nguo. Nilitamani iwe kisutu, lakini nyeupe ya kisutu ingekuwa rangi ya nne. Nikabaki na pindo. Nilipouweka mstari mweusi ukingoni kabisa, jicho liliusoma kama mpaka wa mwili, na mwanamke akawa amevaa gauni. Nikausogeza ndani kwa pikseli moja, nikaacha wekundu upite nje yake. Mwanangu wa miaka sita, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, akauliza: “Huyo mama wa kanga anakwenda wapi?” Kazi hiyo ya pikseli moja ilinichukua jioni mbili, na hizo ndizo jioni ambazo mteja wa “vijisanduku tu” hataki kuzilipia.

Kuna mashaka ambayo siyafichi. Wenzangu hupenda kusema kwamba mipaka ya mashine ndiyo mwalimu, nami nimelisema hilo mara nyingi kwa sauti ya uhakika kuliko niliyo nao. Kaseti yetu ya njano ilijaa gemu zilizochorwa vibaya sana ndani ya mipaka ileile ya rangi tatu. Tena, watoto waliokusanyika sebuleni kwetu walikuwa zaidi ya kumi, na aliyeishia kuchora ni mimi peke yangu, kwa hiyo mzazi akiniuliza kama gemu zitamfanya mwanawe kuwa msanii, siwezi kumwambia ndiyo. Huenda bila ukili wa bibi ningeitazama runinga ile kama wenzangu walivyoitazama, nikatosheka na kushinda. Na huenda ninaitetea runinga ya kichogo kwa sababu ilikuwa sebuleni kwetu wakati watu wote wa nyumba ile walikuwa hai. Hata nikiyaondoa mapenzi hayo, uwiano wa nane kwa saba unabaki vilevile.

Ninachokijua kwa hasara ni kwamba mchoro wa pikseli huharibiwa na mtu wa mwisho kuugusa. Mteja mmoja, miaka kadhaa iliyopita, alichukua spraiti zangu za 16 kwa 16 akazivuta mpaka 40 kwa 40 bila kuniuliza. Hiyo ni mara mbili na nusu, na nusu ya pikseli haipo. Programu ilizipa pikseli nyingine upana wa mbili na nyingine wa tatu, wahusika wote wakatoka na jicho moja kubwa kuliko la pili, na jina langu likawa chini ya kazi hiyo. Vuteni mara mbili, mara tatu, mara nne kamili, na kama mnataka umbo la runinga ya zamani, panueni pembeni baada ya hapo, pikseli zikiwa zimeshakuwa kubwa kiasi kwamba tofauti ya kitone kimoja haitaonekana.

Darasani ninayo runinga ya kichogo ya inchi 14 niliyoinunua kwa fundi. Kijana wa Jumamosi alimtazama Mario humo kwa muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma, kisha akafungua faili lake la mpira na kuanza kuupunguza upana. Fundi ameshaniambia kwamba flaibaki ya runinga hiyo, kifaa kinachoipa kioo umeme mkubwa, imechoka na kwamba ikiungua hana nyingine, kwa hiyo ninaiwasha kwa saa moja tu kila Jumamosi, na anayetaka kuiona kazi yake humo na awahi.